Punguzo Alilopata Jirani

Msimu wa vuli wa mwaka 2014, Chrysler ilishusha bei ya Dodge Viper kwa dola 15,000 kwa mkupuo mmoja. Gari lililokuwa likianzia karibu dola 100,000 likawa linaanzia dola 84,995, kabla ya gharama ya kulisafirisha. Ubora wake haukupungua hata chembe. Injini ilikuwa ileile ya silinda 10 yenye lita 8.4, na nguvu za farasi ziliongezwa kidogo, kutoka 640 hadi 645. Tatizo lilikuwa kwenye viwanja vya mawakala, ambako Viper zilikuwa zimelala bila wateja, kiasi kwamba mapema mwaka huo kiwanda chake cha Conner Avenue, Detroit, kilisimamishwa kwa zaidi ya miezi miwili ili zilizokwisha kuundwa zipate kwanza wanunuzi. Upande wa pili wa barabara, Chevrolet Corvette Stingray ilikuwa imetoka mwaka 2013 kwa dola 51,995, na mwaka 2014 ziliuzwa zaidi ya 30,000 Marekani peke yake. Viper hazikufika 1,000.

Sasa mfikirie mtu aliyenunua Viper yake mwezi mmoja kabla ya tangazo hilo. Gari lake halijatembea, rangi inang'aa, na tayari limepoteza dola 15,000 juu ya zile ambazo kila gari jipya hupoteza likishatoka getini. Chrysler haikuwa mjinga. Iliwapa wamiliki wa Viper za mwaka 2013 na 2014 hati ya dola 15,000 kila mmoja. Ila hati hiyo ilikuwa na kazi moja tu: kununua Viper nyingine mpya. Pole ya namna yake hiyo. Umeumia kwa kununua gari letu, basi njoo ununue la pili.

Nimeanza na Viper kwa sababu pale mambo yalifanyika hadharani, kwa tarakimu moja kubwa ambayo kila mtu aliiona. Mara nyingi punguzo la magari ya spoti huja kimyakimya, dola 2,000 mwezi huu, 4,000 mwezi ujao, na mwenye gari hagundui kilichompata hadi siku anapolipeleka kuuza. Na jambo ambalo wanunuzi wengi hawalioni ni hili: bei ya gari lako siku ya kuuza haifuati punguzo ulilopata wewe. Inafuata punguzo kubwa kuliko yote waliyopata wengine.

Tupige hesabu, kwa mfano wa kubuni. Gari lina bei ya lebo ya dola 45,000. Juma ni mvumilivu, anazungukia mawakala watatu, anapata punguzo la 7,000 na kulipa 38,000. Rashidi ana haraka, anaridhika na 2,000, analipa 43,000. Baada ya miaka mitatu magari yao ni mapacha: mwaka mmoja, rangi moja, mileji inalingana. Mnunuzi wa mtumba hajali nani alilipa nini. Anajua kuwa gari hilo jipya lilikuwa likipatikana kwa 38,000, na kutoka hapo anashuka, tuseme hadi 25,000. Juma amepoteza 13,000. Rashidi amepoteza 18,000. Gari ni lilelile, soko ni lilelile, na tofauti ya 5,000 iliamuliwa siku ya kwanza, mezani kwa wakala.

Ongeza sasa gari la mpinzani, nalo la dola 45,000, ambalo kampuni yake hukataa kabisa kupunguza. Baada ya miaka mitatu linauzwa 30,000. Aliyelinunua amepoteza 15,000. Kwenye orodha za magari yanayoshika thamani hili litasifiwa, na lile la Juma litaitwa bovu, kwa sababu orodha nyingi za aina hiyo hupima upungufu kuanzia bei ya lebo, si kuanzia fedha iliyotoka mfukoni. Lakini Juma amemshinda mwenye gari linalosifiwa kwa dola 2,000. Aliyepigwa ni Rashidi, aliyenunua gari la punguzo bila kulichukua punguzo lenyewe. Gari la namna hiyo, ama ulinunue kwa punguzo lake lote, ama uliache.

Ili ujue punguzo lote ni kiasi gani, lazima ujue linatoka wapi. Marekani, tangu sheria ya mwaka 1958, kila gari jipya hubandikwa dirishani karatasi yenye bei inayopendekezwa na kiwanda. Wamarekani huiita kwa jina la seneta Mike Monroney wa Oklahoma aliyeisukuma sheria hiyo. Bei hiyo ni pendekezo tu. Wakala ni mfanyabiashara huru, anaweza kuuza chini yake au juu yake. Analipia gari kwa kiwanda kwa bei ya ankara, ambayo iko chini ya lebo, kisha viwanda vingi humrudishia baadaye asilimia 2 au 3 ya bei ya lebo gari likishauzwa. Kwa hiyo wakala anayekuonyesha ankara kwa uso wa huzuni na kuapa kwamba hapati hata senti, mwonee huruma kwa kiasi. Ana fungu lingine ambalo halipo kwenye karatasi ile.

Halafu kuna fedha za kiwanda zenyewe, na hizi ndizo zinazobomoa bei za mitumba. Ziko za aina mbili. Moja hutangazwa kwa mnunuzi waziwazi: nunua mwezi huu upunguziwe dola kadhaa. Nyingine hupewa wakala chinichini, naye ndiye anayeamua kama atakugawia au atazimeza. Acura ilitumia njia hii ya pili kwa NSX ya kizazi cha pili, gari la mseto lililoundwa Marysville, Ohio, na kuuzwa kwa zaidi ya dola 150,000 ili lipambane na Porsche 911 Turbo na Audi R8. Lilipokataa kutoka, mawakala walipewa hadi dola 20,000 kwa kila gari. Hakuna bango lililotundikwa barabarani, lakini siri ya dola 20,000 haifichiki kwa wenye biashara yao. Mwaka 2018 NSX zilizouzwa Marekani nzima hazikufika 200. Kisha mwaka 2021 kampuni ikatangaza toleo la mwisho, Type S, magari 350 tu kwa dunia nzima, na yakagombewa. Chapa ileile, kiwanda kilekile. Safari hii magari yalikuwa machache kuliko watu waliokuwa wakiyataka.

Punguzo analokupa wakala kutoka kwenye faida yake mwenyewe halina madhara makubwa kwako baadaye. Ni lenu wawili, labda kwa sababu mwezi unaisha na amebakiza gari moja afikie lengo la kiwanda, au kwa sababu gari ni la rangi ambayo hakuna anayeitaka. Hilo chukua ufurahi. Linalopaswa kukufanya utulie kidogo ni lile la kiwanda, linalotolewa nchi nzima, mwezi baada ya mwezi. Hilo halitaisha siku utakayonunua wewe. Litaendelea, pengine litakua, na kila likiongezeka linashusha bei ya gari ambalo tayari liko uani kwako.

Hakuna mahali ambapo jambo hili limejionyesha vizuri kuliko vita ya Ford Mustang na Chevrolet Camaro. Mustang mpya ilitoka mwishoni mwa mwaka 2014, Camaro mpya mwaka mmoja baadaye. Kwa usukani na mwendo, Camaro ilikuwa gari bora. Waandishi wengi wa magari waliiandika hivyo, nami nakubaliana nao, ingawa ukikaa ndani yake unaona nje kupitia madirisha membamba mno. Lakini Chevrolet waliipandisha bei. Camaro SS yenye injini ya V8 ilianzia zaidi ya dola 37,000, wakati Mustang GT ilianzia karibu 33,000. Wanunuzi wa magari haya si matajiri wa kununua Ferrari. Wengi ni vijana wa mshahara, mafundi, askari, na dola 4,000 kwao si kitu cha kupuuza.

Camaro zikaanza kujaa viwanjani, na punguzo likaja. Kufikia Septemba 2016 lilikuwa kubwa kiasi kwamba Camaro iliipita Mustang kwa mauzo ya mwezi, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa muda mrefu. Ford walijikuta na Mustang nyingi kuliko wateja, na mwezi Oktoba wakasimamisha kiwanda chao cha Flat Rock, Michigan, kwa wiki moja. Kila aliyetazama Septemba hiyo peke yake alisema Chevrolet wameshinda. Ukitazama mwaka mzima unaona kingine. Mwaka 2015 Mustang ziliuzwa 122,349 na Camaro 77,502. Mwaka 2016, mwaka wa punguzo, Mustang zilishuka hadi 105,932, na Camaro nazo zikashuka hadi 72,705. Punguzo halikuleta wanunuzi wapya kwenye aina hii ya gari. Liliwavuta mbele wale waliokuwa wanunue miezi michache baadaye, na kuwachukua wachache kutoka kwa jirani. Baada ya hapo pengo lilipaswa kuzibwa kwa punguzo lingine.

Ndivyo ilivyokuwa. Camaro zikashuka hadi 67,940 mwaka 2017, kisha 50,963 mwaka 2018, mwaka ambao hata Dodge Challenger, gari zito la muundo wa zamani, liliipita kwa kuuza 66,716. Hatimaye Chevrolet wakafanya walichopaswa kufanya mapema: kwa mwaka wa modeli 2020 walitoa Camaro LT1, yenye V8 ileile, kwa bei ya lebo ya dola 34,995. Ilikuwa imechelewa. Wateja walikuwa wameshazoea kwamba bei ya Camaro iliyoandikwa dirishani si bei. Camaro ya mwisho ilitoka kiwandani Lansing Desemba 2023.

Dodge nao walikuwa na mtindo wao, na lazima niseme ulikuwa na ucheshi. Mwaka 2019 walitangaza kwamba kila nguvu moja ya farasi inakupa punguzo la dola 10. Challenger Hellcat Redeye yenye nguvu 797 ikapata dola 7,970. Watu walicheka, wakanunua. Lakini hesabu ya Juma na Rashidi ilibaki palepale: tangu siku ile, Redeye iliyotumika haikuweza tena kuuzwa kana kwamba dola 7,970 zile hazipo. Muuza nyanya akishusha bei ya fungu jioni, mwenzake wa meza ya pili hawezi kuendelea na bei ya asubuhi, hata kama nyanya zake ni nzuri zaidi. Ndiyo maana mwenye Mustang naye alipaswa kufuatilia matangazo ya Camaro na Challenger. Mtu mwenye dola 30,000 za kununulia Mustang ya mwaka mmoja angeiacha kama angepata Challenger mpya, yenye waranti kamili, kwa 33,000.

Kwa hiyo, kabla ya kununua, usiishie kwenye gari unalolipenda. Tafuta mpinzani wake wa karibu ni nani, na yuko katika hali gani. Je, magari yake yamejaa viwanjani? Marekani, wenye biashara hii huhesabu kwamba akiba ya magari ya kutosha siku 60 za mauzo ni ya kawaida. Ikizidi sana hapo, punguzo liko njiani. Je, mpinzani ametangaza kizazi kipya mwaka ujao? Basi kizazi cha sasa kitauzwa kwa bei ya kutupa kusafisha uwanja, na bei hiyo itamgusa kila mtu. Uliza pia gari unalolitaka limekuwa likipunguzwa bei kwa muda gani. Punguzo la kwanza kabisa kwenye gari jipya ni onyo: huu ni mwanzo, ukisubiri miezi sita utapata zaidi. Punguzo ambalo limekuwapo miaka miwili bila kuongezeka limeshaingia kwenye bei za mitumba, na ukilichukua lote huna cha kuogopa sana.

Wauzaji watakuwekea mezani chaguo: punguzo la fedha au mkopo usio na riba. Wengi huona mkopo wa bure ndio mtamu. Rudi kwenye gari la 45,000. Ukichukua mkopo usio na riba kwa miezi 60 bila punguzo, unalipa dola 750 kwa mwezi. Ukichukua punguzo la 7,000 na kukopa 38,000 kwa riba ya asilimia 7 kwa mwaka, unalipa karibu 752. Ni sawasawa, utasema. Si sawa. Baada ya mwaka mmoja, wa riba sifuri bado anadaiwa 36,000. Wa punguzo anadaiwa karibu 31,400. Gari lenyewe sokoni ni moja. Ukipoteza kazi na kulazimika kuliuza, au likigongwa hadi lisitengenezeke na bima ikakulipa thamani ya soko la siku hiyo, yule wa riba sifuri ndiye atakayebaki anadaiwa gari ambalo hana. Kama una hakika utakaa nalo miaka yote mitano, chagua unavyopenda. Kwa gari la spoti sijui ni wangapi wenye hakika hiyo. Mtoto wa pili huzaliwa, na viti viwili vya nyuma vya Mustang ni vya kuwekea koti.

Kuna njia nyingine ambayo punguzo kubwa hukunufaisha bila kukuachia hasara yake, nayo ni kulichukua gari kwa mkataba wa kukodi wa miaka mitatu badala ya kulinunua. Katika mkataba huo, kampuni ya fedha hukadiria mapema gari litakuwa na thamani gani mwishoni, na makadirio hayo huhesabiwa kwa asilimia ya bei ya lebo. Tuseme ni asilimia 58 ya 45,000, yaani 26,100. Bila punguzo unalipia upungufu wa 18,900, pamoja na gharama za fedha. Ukipata punguzo la 7,000 unalipia 11,900 tu. Miaka mitatu ikiisha, kama soko limeanguka hadi 22,000, unawarudishia ufunguo na hasara ni yao. Kampuni za fedha nazo si watoto. Zikiona punguzo limekuwa desturi hushusha makadirio yao. Nafasi nzuri iko katikati, punguzo likiwa limekuja na makadirio hayajashuka. Huwa haikai muda mrefu.

Kodi ya mauzo ni jambo dogo, ila tulitaje. Katika majimbo mengi ya Marekani punguzo la wakala hupunguza kiasi kinachotozwa kodi, lakini punguzo la kiwanda halipunguzi: unalipa kodi kana kwamba ulilipa bei nzima. Na baadhi ya fedha zinazotangazwa kwa herufi kubwa ni za wanajeshi, wahitimu wapya au wanaorudisha gari la chapa ileile. Ondoa zile zisizokuhusu kabla ya kulinganisha.

Kinyume cha punguzo ni ulanguzi, na magari ya spoti yanaujua vizuri. Corvette ya kizazi cha nane, ya kwanza kuwekwa injini nyuma ya dereva, ilitangazwa Julai 2019 kwa bei ya kuanzia isiyofika dola 60,000. Mgomo wa wafanyakazi mwaka huo, korona mwaka uliofuata na kimbunga kilichopiga kiwanda cha Bowling Green, Kentucky, Desemba 2021, vyote vilifanya magari yawe machache. Mawakala wakaongeza maelfu juu ya lebo. Kwa muda, ulanguzi huo haukumuumiza mtu; aliyeongeza 15,000 alikuta mwingine yuko tayari kuongeza 20,000, kwa hiyo gari lililotumika likawa na bei kubwa kuliko jipya. Ilipotoka Z06 ya mwaka wa modeli 2023, General Motors yenyewe iliingilia: aliyeuza gari ndani ya miezi 12 ya kwanza aliambiwa baadhi ya waranti hazitahamia kwa mnunuzi mpya, na aliyekaa nalo mwaka mzima akaahidiwa pointi za zawadi zenye thamani ya dola 5,000.

Kisha kiwanda kikaendelea kutengeneza, kama viwanda vinavyofanya, na foleni ikaisha. Waliolipa makumi ya maelfu juu ya lebo mwanzoni waliziona Z06 zikiuzwa kwa bei ya lebo, baadaye chini ya lebo. Ulanguzi una tabia ileile ya punguzo: soko la mitumba halikumbuki ulicholipa. Kwa gari linaloundwa kwa maelfu kila mwaka, hata liwe zuri vipi, usiongeze senti juu ya lebo. Subiri. Kwa magari machache kweli ni hadithi tofauti, na Viper ndiye shahidi. Uzalishaji wake ulikoma Agosti 2017, na leo zile za toleo la ACR za miaka ya mwisho huuzwa zaidi ya bei yake mpya. Wale waliochukua punguzo la mwaka 2014 na kukaa nazo hawalalamiki. Lakini kusubiri gari liwe kitu cha mkusanyaji ni mchezo wa mtu mwenye gereji ya ziada na asiyekuwa na haja ya fedha hizo.

Kwa wewe unayetaka gari lililotumika, kila nililolieleza hapa ni neema. Nenda kwenye gari ambalo kiwanda kilikuwa kikilipunguza kwa nguvu, lenye umri wa miaka miwili au mitatu, ambalo mmiliki wake wa kwanza ameshabeba hasara. Wauzaji wa yadi watakuanzia na bei ya lebo ya zamani: gari hili mpya lilikuwa 48,000, nakupa kwa 36,000! Waulize lilikuwa likiuzwa kwa ngapi hasa. Kumbukumbu za punguzo la kila mwezi hazipotei. Magazeti ya magari yaliziandika. Nunua wakati wa baridi, hasa gari la kukunja paa na hasa katika miji ya theluji kama Chicago, Minneapolis au Toronto. Uza mwezi wa Aprili au Mei, watu wanapovua makoti.

Ndugu zetu walioko Muscat, Dubai na Doha wana kalenda nyingine. Huko msimu mkubwa wa ofa ni Ramadhani, na mawakala wa Ghuba hupenda kulinda bei ya lebo kwa kukuongezea vitu: bima ya mwaka, usajili, huduma za gereji za miaka kadhaa. Vitu hivyo vina thamani kwako, lakini siku ya kuuza bima imekwisha na huduma zimetumika. Mwambie akutolee kwa fedha. Akikataa, mwambie huduma za gereji ziandikwe kwa jina la gari, ili zihamie kwa mnunuzi wako. Kama unauza la zamani, liuze kabla mwezi haujaandama. Ofa zikishaanza, la mtumba halina mtu. Na ujihadhari na Mustang na Camaro zilizoletwa kutoka minada ya Marekani baada ya ajali. Bei yake iko chini sana ya zile zilizoundwa kwa ajili ya joto la Ghuba, na itabaki chini siku utakayouza.

Anayefikiria kupeleka gari la namna hii Kenya ajue mawili. Punguzo alilopata ng'ambo halitampunguzia ushuru: Mamlaka ya Mapato, KRA, haianzi na risiti ya mnunuzi, inaanza na orodha yake yenyewe ya bei za magari mapya nchini, kisha inatoa uchakavu kwa kadiri ya umri. Risiti ya bei ya kutupa haiwashtui. TRA upande wa Tanzania nao wana mfumo wao wa kukadiria thamani ya mitumba. La pili ni usukani. Kenya haisajili kwa matumizi ya kawaida gari lenye usukani wa kushoto, wala lililozidi miaka minane. Camaro kiwanda hakikuwahi kuiundia usukani wa kulia, kwa hiyo punguzo lake lote lile halikumhusu mtu wa Nairobi. Mustang ilianza kuundwa hivyo na kizazi cha mwaka 2015, na Corvette kwa mara ya kwanza na kizazi cha nane. Kwa hizo, bei ya kufuatilia ni ya mitumba ya Uingereza, si matangazo ya Michigan.

Na siku ya kuuza ikifika, weka mkononi karatasi ya dirishani, rekodi za gereji na ufunguo wa pili. Usiweke mkataba wa kununulia. Mnunuzi makini atakuuliza tu: ulilipa ngapi? Ukiwa Juma, mjibu. Bado una faida juu yake. Ukiwa Rashidi, mwambie bei ni hii, gari ni hili, akaliendeshe kwanza.